Kisima kinatema mchanga Rujewa: kabla hujanunua pampu nyingine

Mkuu, umesema kisima chako kina mita 70, pampu ya pili imekufa kwa mchanga, na fundi anakushauri uweke yenye nguvu zaidi. Achana naye. Pampu kubwa itavuta mchanga mwingi zaidi.

Nimechimba sana Usangu, hili bonde la Mbeya, kuanzia Chimala hadi Ubaruku. Kule chini ni matabaka ya mchanga na udongo ulioletwa na mito kutoka milimani, kwa hiyo changarawe kuzunguka skrini, yaani kipande cha bomba chenye matundu ya kuingizia maji, si hiari: ndiyo inayozuia mchanga. Shida ni kwamba mafundi wengi humwaga kokoto za kujengea. Zile ni kubwa, zina kona, mchanga unapita katikati kama hakuna kitu. Inayotakiwa ni changarawe ya mto, ya mviringo, ngumu, iliyochekechwa na kuoshwa.

Ukubwa wake unaamuliwa na mchanga uliotoka shimoni. Ukaushe, uchekeche, upate kipimo cha punje ya katikati (nusu ya mchanga kwa uzito ni laini kuliko hiyo), kisha zidisha kwa 4 hadi 6. Punje ikiwa milimita 0.4, tafuta changarawe ya milimita 2 hivi. Hata kwenye visima vya gesi, ambako mchanga hukwangua vali kwa kasi ya kutisha, hesabu maarufu ya Saucier, mtaalamu wa visima vya mafuta, ya mwaka 1974 ni mara 5 hadi 6. Matundu ya skrini nayo yawe membamba kuliko changarawe. Bomba la plastiki lililochanwa kwa msumeno uani kwa fundi mimi silipokei.

Sasa kumwaga. Shimo la inchi 10 lenye bomba la inchi 5 hula karibu ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita. Simama pale uhesabu. Ndoo zikipungua sana na changarawe imeshaonekana juu, ujue imekwama njiani na chini kuna uwazi. Mchanga utaingilia hapohapo. Ndiyo maana tunaishusha taratibu kwa bomba jembamba, siyo kwa koleo.

Kwa kisima chako: washa pampu, kinga maji kwenye ndoo nyeupe mwanzoni, kisha tena baada ya nusu saa. Mchanga ukipungua, kioshwe kwa kompresa mpaka maji yatakate, halafu upunguze kasi ya kuvuta. Usipopungua, kuna njia ya kuingiza skrini nyembamba ndani ya ile ya zamani na kujaza changarawe katikati, ila maji yatapungua na utahitaji pampu ndogo. Kama bomba lako ni la inchi 4, hiyo haiwezekani. Chimba upya.