Jibu: Ekari mbili za Mambrui, dalali ana kopi ya hati tu

Salaam ndugu. Unauliza kama utangulize amana ya shamba hilo la Mambrui, pwani ya Kenya, ambalo umeambiwa ni pori tupu, ilhali dalali hajakuonyesha hati yenyewe ya umiliki. Usitoe hata shilingi! Chukua namba ya kiwanja ukafanye sachi mwenyewe ofisi ya ardhi, yaani uangalie kwenye rejista mmiliki ni nani, kisha nenda na mpima mkatafute bikoni, yale mawe ya mipaka.

Lakini kabla ya yote, lizunguke hilo pori. Mimi niliambiwa Malindi hivyo hivyo, "tupu kabisa". Nyuma ya mikorosho nikakuta matuta ya mihogo na mafiga yenye jivu la moto. Mzee mwenye jembe alikuwa hapo tangu utotoni. Sheria ya Kenya humruhusu aliyekalia ardhi waziwazi miaka 12 bila ruhusa ya mmiliki kuidai kortini iwe yake. Nikarudi zangu.

Na kama ni shamba la kilimo, bila idhini ya bodi ya ardhi mauzo ni batili.