Riwaya ya Wizi wa Picha Palermo: Usiimalizie Taharuki Usiku wa Wizi

Kuiba picha nchini Italia hakujawahi kuwa kazi ngumu kama riwaya zinavyotaka tuamini. Mwaka 1975, usiku mmoja wa Februari, wezi waliingia katika Palazzo Ducale mjini Urbino wakaondoka na kazi mbili za mchoraji Piero della Francesca na moja ya mchoraji Raffaello. Mwaka 2015, katika jumba la makumbusho la Castelvecchio mjini Verona, watu waliofunika nyuso waliingia mara tu baada ya saa za wageni kwisha, kabla king'ora cha usiku hakijawashwa, wakachukua picha 17. Hapakuwa na mtu aliyening'inia kwa kamba kutoka darini, wala miale ya leza ya kurukwa kwa sarakasi. Palikuwa na saa iliyochaguliwa vizuri na, kwa upande wa Verona, mtu wa ndani. Kwa hiyo mwandishi anayetumia sura kumi za kwanza kupanga wizi anaitumia taharuki yake yote mahali ambapo wezi halisi hawakupata taabu kubwa, na msomaji anapofika sura ya kumi na moja hakuna kilichobaki cha kumnyima usingizi.

Nilipoandika riwaya yangu niliyoiweka Palermo, mji wa kisiwa cha Sisilia, wizi niliupa kurasa chache mwishoni mwa sura ya pili, na kazi iliyobaki nikaijenga juu ya swali moja: mtu aliyenacho kitu ambacho dunia nzima inakijua atakifanyia nini? Picha maarufu haiuziki dukani wala mnadani. Haiwezi kuoneshwa kwa mgeni, haiwezi kuachwa kwa jirani, na kila anayeambiwa kuwa ipo anakuwa mtu wa kuogopwa. Huo ndio moyo wa riwaya ya aina hii, na ushauri wangu wote unatoka hapo.

Nilichagua Palermo, ingawa marafiki wengi walinisukuma kwenda Venezia au Firenze. Nakubali kwamba Firenze ina kisa chake kizuri, kwa kuwa ndiko Vincenzo Peruggia alikopeleka picha ya Mona Lisa aliyokuwa ameiiba, mwaka 1913, akaificha ndani ya sanduku lenye chini ya bandia katika chumba cha hoteli ya bei nafuu, akamwandikia Alfredo Geri, mfanyabiashara wa vitu vya kale, kwa jina la Leonardo, kisha akakamatwa baada ya Geri na Giovanni Poggi, mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Uffizi, kuja kuitazama. Lakini kisa hicho kimekwisha, kila kitu kinajulikana, na mwizi wake anaishia kuchekesha. Palermo ina kidonda ambacho bado ki wazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Oktoba 1969, watu waliingia katika Oratorio di San Lorenzo, kikanisa cha chama cha waumini kilichopo mtaa wa Kalsa, ubavuni mwa kanisa kubwa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, wakaikata kutoka kwenye fremu yake picha ya mchoraji Caravaggio ya Kuzaliwa kwa Yesu akiwa pamoja na Mtakatifu Laurenti na Mtakatifu Fransisko. Haijapatikana hadi leo. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, limeiweka katika orodha yake ya wizi mkubwa kumi wa kazi za sanaa duniani.

Ukipata nafasi ya kwenda, nenda ukakae humo ndani kwa muda mrefu kuliko watalii wanavyokaa, kwa sababu hakuna picha ya mtandaoni itakayokupa unachokihitaji. Kuta zote ni nyeupe kwa mapambo ya chokaa na unga wa marumaru ya Giacomo Serpotta: malaika watoto wanaopigana mieleka, wanaonong'onezana, wanaopuliza mapovu, kila mmoja na kituko chake, mpaka unahisi umeingia darasani mwalimu akiwa ametoka. Pembeni kuna mabenchi meusi yaliyopambwa kwa lulumizi. Weupe wote huo ulipangwa ili jicho liishie kwenye kitu kimoja cheusi juu ya altare, na kitu hicho ndicho kilichoibwa. Tangu Desemba 2015 pamening'inizwa nakala iliyotengenezwa kwa teknolojia ya dijitali, nzuri ajabu, na wageni wengi huitazama bila kujua kuwa ni nakala. Mhusika wangu mkuu, mwanamke anayekarabati picha, nilimweka mbele ya nakala hiyo katika sura ya tatu, na badala ya kumpa machozi nilimpa hasira, kwa kuwa anajua rangi ingepasuka wapi na kwenye nakala haikupasuka.

Hapa ndipo ninapowasihi waandishi wenzangu wajifunze vitu kwa mikono. Picha ile ilikuwa na urefu wa sentimita 268 na upana wa sentimita 197, yaani ni kubwa kuliko mlango wa nyumba nyingi. Aliyeikata kwa wembe hakuwa na namna ya kuitoa ikiwa imenyooka. Ilibidi aikunje au aiviringishe. Turubai ya miaka mia tatu na zaidi, yenye tabaka la msingi na rangi ya mafuta iliyokauka kabisa, haikunjiki kama mkeka. Watu wa fani hiyo, wanapolazimika kuviringisha, huweka upande wenye rangi nje na hutumia mhimili mnene, kwa sababu rangi ikibanwa kwa ndani hujikusanya, hubanduka na kumwagika vipande vipande. Mwizi asiyejua hilo hufanya kinyume, akidhani anailinda rangi. Nilizungumza na fundi mmoja wa ukarabati ambaye alinionesha kipande cha turubai kikuukuu kisicho na thamani. Alikikunja mara moja tu, taratibu, na mezani pakabaki unga na magamba membamba ya rangi ya kahawia. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya jani kavu. Sura yangu ya nne yote ilizaliwa na sauti hiyo: mwizi anafungua bando lake siku ya pili, anaona magamba sakafuni, anayafagia na kuyatia kwenye mfuko wa plastiki akiamini yanaweza kurudishwa.

Taharuki ya namna hiyo haihitaji bastola. Msomaji anajua kwamba kila siku inayopita, kitu chenyewe kinaharibika mikononi mwa watu wanaokigombania, na kwamba anayeshinda huenda akashinda takataka.

Waliokuwa ndani ya Cosa Nostra, yaani mafia ya Sisilia, na baadaye wakashirikiana na serikali wameacha maelezo yasiyopatana hata kidogo, na kwa mwandishi hiyo ni hazina. Francesco Marino Mannoia alisema kwamba picha iliharibika kwa kukunjwa, na kwamba mnunuzi alipoiona alilia. Gaspare Spatuzza alisema mwaka 2009 kuwa alisikia gerezani kwamba ilifichwa zizini, ikaliwa na panya na nguruwe, na mabaki yakachomwa moto. Kisha mwaka 2018 kamati ya bunge la Italia ya kupambana na mafia ilitoa taarifa iliyojengwa juu ya maelezo ya Gaetano Grado, ambayo yanasema picha ilifika mikononi mwa Gaetano Badalamenti, bosi wa mafia, na kwamba mfanyabiashara kutoka Uswisi alishauri ikatwe vipande ili iuzwe. Mwandishi mwenye pupa atachagua moja kati ya hizo na kuifanya ukweli wa riwaya. Mimi naona ni afadhali kila mhusika aamini yake, na aamini kwa sababu inayomfaa: aliyeuza anataka iwe imechomwa, aliyedhulumiwa mgao wake anataka iwe Uswisi, na padri anataka iwe imemliza mtu. Mpelelezi anayesikiliza hadithi hizo atajifunza zaidi kuhusu wasimulizi kuliko kuhusu picha.

Kuhusu Uswisi, sheria ni sehemu ya mtambo wa kisa, na waandishi wengi huikwepa wakidhani inachosha. Kwa miaka mingi, mtu aliyenunua kitu cha wizi huko kwa nia njema alikuwa na hofu ya kudaiwa kwa miaka 5 tu. Ikipita hiyo, mwenye mali amekosa. Tangu Juni 2005 muda huo kwa vitu vya urithi wa kitamaduni umekuwa miaka 30. Tazama jinsi mabadiliko hayo yanavyokupa saa inayogonga bila bomu lolote: mtu anaficha picha kabatini akihesabu miaka, huku mwanawe, asiyejua baba anahesabu nini, anataka kuuza nyumba.

Jambo jingine linaloharibu riwaya nyingi ni polisi. Mwandishi wa kwetu aliyezoea kumwona kamanda wa mkoa akiongea na waandishi wa habari humvika kamanda huyo suti ya Kiitalia na kumwita Inspekta Rossi. Italia ina kikosi maalumu cha Karabinieri cha kulinda urithi wa kitamaduni, kilichoanzishwa Mei 1969, miezi michache kabla ya wizi wa Palermo. Karabinieri wana vyeo vya kijeshi na wako chini ya wizara ya ulinzi, tofauti na polisi wa serikali walio chini ya wizara ya mambo ya ndani. Na anayeongoza upelelezi kisheria ni mwendesha mashtaka, si afisa shujaa anayefanya atakalo. Kikosi hicho kina hifadhidata inayoitwa Leonardo, yenye picha na maelezo ya vitu vilivyoibwa zaidi ya milioni moja. Sehemu kubwa ya kazi yao ni kukaa mbele ya kompyuta wakilinganisha orodha za minada na picha za zamani. Usidharau hilo. Tukio lililosifiwa zaidi na wasomaji wangu ni la luteni anayegundua, usiku wa manane, kwamba ufa wa kona ya kushoto katika tangazo la mnada unafanana na ufa wa picha nyeusi na nyeupe iliyopigwa miaka mingi kabla.

Mji wenyewe usiufanye pazia la nyuma. Palermo ilitawaliwa na Waarabu tangu mwaka 831 hadi Wanormani walipouteka mwaka 1072, na Kalsa ilikuwa ngome ya watawala hao. Vichochoro vyake vinapinda kwa namna ambayo mtu wa Mji Mkongwe au wa Lamu hatapotea kwa urahisi. Adhuhuri ya kiangazi milango hufungwa na mtaa hunyamaza, kwa hiyo mtu anayetembea saa hiyo anaonekana na kila dirisha. Upepo wa shiroko unapovuma kutoka Sahara watu hukasirika bila sababu, na ugomvi utakaokushinda kuueleza utaeleweka. Soko la Ballarò lina wachuuzi kutoka Ghana, Nigeria, Tunisia na Bangladeshi wanaouza bega kwa bega na Wasisilia, na mmoja wa watakatifu walinzi wa mji, Benedikto Mwafrika wa karne ya 16, alikuwa mwana wa watumwa kutoka Afrika. Kwa hiyo mhusika wako Mwafrika hahitaji kurasa tano za kuelezwa amefikaje, na nakuomba usimfanye mshukiwa wa kwanza ili tu uje umwoshe baadaye. Msomaji wetu ameshauchoka mchezo huo.

Mwisho wa riwaya ndio ulionisumbua zaidi. Mhariri wangu alitaka picha ipatikane. Hoja yake ilikuwa nzito: mwaka 1997 picha ya mwanamke iliyochorwa na Gustav Klimt iliibwa katika jumba la Ricci Oddi mjini Piacenza, na Desemba 2019 watunza bustani waliokuwa wakikata mitambaazi iliyofunika ukuta wa nje wa jumba hilohilo waliikuta ndani ya mfuko, nyuma ya kijimlango cha chuma. Kama ningebuni mimi kisa hicho, yeye mwenyewe angekifuta kwa kalamu nyekundu kwa kuwa hakiaminiki, nami nilimwambia hivyo.

Tulikubaliana kwa njia nyingine, ambayo ndiyo ninayowashauri wengine waifikirie mapema kabla mswada haujafika mbali: nilimwacha Caravaggio mahali pake katika historia, nikabuni picha ndogo ya mchoraji wa kubuni, iliyoibwa usiku huohuo kutoka kanisa jirani na kusahauliwa kwa sababu ya kelele za ile kubwa. Ninaweza kuichoma, kuirudisha au kuikata vipande bila kumzulia jambo mtu yeyote aliye hai, na bila kesho kuumbuliwa na gazeti likitangaza kwamba ile halisi imepatikana. Tena picha ndogo hupita mlangoni bila kukunjwa, jambo lililonilazimu kuiandika upya sura ya nne, nikimfanya mwizi aiviringishe kwa woga tu.