Zabibu mbili, mvinyo mwingi
Ndugu, umeuliza iweje mvinyo wa Bourgogne, eneo la Ufaransa, utofautiane hivyo wakati zabibu ni karibu aina mbili tu, Pinot Noir kwa mwekundu na Chardonnay kwa mweupe. Ni ardhi! Chablis, kule kaskazini, kuna baridi na udongo wa chokaa wenye mabaki ya chaza wa kale. Mvinyo wake mweupe una uchachu kama wa ndimu. Shuka kusini hadi kijiji cha Meursault, zabibu ileile inatoa mvinyo mzito, laini, wenye harufu ya siagi. Mwekundu wa kijiji cha Gevrey-Chambertin una nguvu; wa kijiji cha Volnay ni mwororo, na huo ndio naupenda zaidi. Shamba la Clos de Vougeot, hekta 50 hivi, lina wamiliki wapatao 80 na mvinyo wao haulingani, kwa hiyo soma jina la mtengenezaji kabla ya kununua.