Fisi si mwizi peke yake, na maswali mengine ya nyikani

Fisi anakula mizoga tu, au naye huwinda? (Msomaji, Karatu)
Huwinda, tena sana. Hapo jirani yako, kreta ya Ngorongoro, mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi madoa usiku miaka ya 1960 akakuta chakula chao kingi wamekiua wenyewe. Mara nyingi simba ndiye aliyekuja kupora. Sisi tunafika asubuhi, simba yuko juu ya nyama, fisi wanazunguka pembeni, tunatoa hukumu.

Pundamilia na nyumbu hawagombanii majani?
Kidogo mno. Pundamilia ana meno ya mbele juu na chini, anakata mabua marefu yaliyokomaa. Hacheui, chakula kinapita upesi tumboni, hivyo majani duni yanamtosha mradi ale mengi. Akishafyeka juu, nyumbu anafikia majani laini ya chini. Nyuma yao swala tomi wanadonoa machipukizi.

Ni kweli nyumbu wa Serengeti waliwahi kuwa wachache? (Mwalimu, Mugumu)
Kweli, mwalimu, na kisa kilianzia kwa ng'ombe. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe unaoua kwa wingi, ilifika Afrika Mashariki karibu mwaka 1890, ikafagia ng'ombe, nyati na nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa, kufikia miaka ya 1960 ugonjwa ulikuwa umewaachia wanyamapori pia. Nyumbu wakapanda kutoka kama 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Sasa angalia: midomo yote hiyo ilimaliza nyasi, moto wa kiangazi ukakosa cha kuchoma, miche ya migunga ikapona. Yaani sindano ya ng'ombe imeotesha miti.

Digidigi anakunywa wapi?
Aghalabu hanywi. Maji yake yako kwenye majani na umande.

Nyumbu kuzaa wote kwa mpigo, si ndiyo karamu ya fisi?
Karamu ni kweli, lakini tumbo la fisi nalo hujaa. Huko Ndutu, kusini mwa nyanda za Serengeti, ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi, karibu Februari. Anayezaliwa nje ya msimu ndiye aliye hatarini zaidi. Mtazame aliyeanguka sasa hivi: ute bado mgongoni, miguu inapepesuka, anapiga pua chini, anainuka tena. Baada ya dakika chache anakimbia ubavuni mwa mama. Akipotezana naye hufuata chochote kinachotembea: gari la watalii, hata fisi.