Mota imeshikwa na kigugumizi

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi niko Mtwara, huku Shangani. Baada ya kuuza korosho nilijikaza nikamnunulia kijana wangu gari la rimoti la umeme, lina mota ya brashlesi (yaani haina brashi ndani) isiyo na sensa ya kuonyesha imezunguka wapi, na betri ya lipo (ya lithiamu) ya seli 2. Sasa juzi Jumapili tulilipeleka ufukweni likacheza kwenye mchanga mbichi, tangu siku hiyo ukivuta triga linatetemeka tu tatatata haliondoki, ila ukilisukuma kidogo na mguu linashika linakimbia kama halijawahi kuumwa. Fundi simu mmoja kaipima mota na mita akasema ina shoti imekufa ninunue nyingine, na bei yake sio ya kitoto. Nimwamini?

JIBU: Nzuri kaka, pole. Hela yako iache mfukoni kwanza, mota iliyokufa kabisa haikimbii hata uisukume mpaka Mikindani.

Iko hivi. Mota yako ina waya 3, spidi kontrola, kile kiboksi kati ya betri na mota, inapeleka umeme kwenye waya 2 kwa wakati mmoja halafu ule wa tatu inausikiliza, ndo inajua rota, ile sehemu inayozunguka, imefika wapi. Ikiwa imesimama hakuna cha kusikiliza kwa hiyo inabahatisha, na kama waya mmoja haugusi vizuri inabahatisha vibaya, ndo hiyo tatatata. Ukilisukuma mota inazalisha umeme wake kidogo, kontrola inapata pa kushikia, gari hilooo.

Na hiyo shoti ya fundi simu, aisee, waya wa ndani ya mota hizi ni mnene na mfupi, mita ya kawaida itakuonyesha karibu sifuri kwenye waya zote hata mota ikiwa mpya kwenye boksi. Simlaumu sana, kazoea simu.

Mi namshuku yule bahari. Chomoa betri, halafu chomoa zile pini 3 kati ya mota na kontrola, ukikuta ukijani au weupe wa chumvi umeshampata, sugua na msasa laini, pangusa na spiriti, acha ikauke kabisa. Pini ikiingia kirahisi mno bila kukaza nayo ni ugonjwa. Vuta kila waya taratibu pale ulipochomewa lehemu, lehemu yenye ufa kwa macho huioni mpaka uvute. Ukimaliza nyanyua matairi yote juu, vuta triga kidogo huku unatikisa waya mmoja mmoja, na vidole viwe mbali na giya tafadhali.

Bado? Chaji betri ijae, seli 2 zikijaa zinasoma volti 8.4, betri ikiwa imechoka volti zinaanguka pale pale mota inapotaka nguvu. Angalia na mchanga kwenye giya, na zungusha mota kwa mkono ikiwa haijashikana na giya, ikikwaruza mchanga umeingia kwenye beringi.

Hayo yote yakiwa safi ndo tuongee habari za mota, na hata hapo azima kontrola ya mtu ujaribu kwanza. Ila kwa sasa usiendelee kulilazimisha likitetemeka, kontrola inachemka na kuungua, utakuwa na mabovu mawili.