Belo limenimaliza, Desemba nitapanda nyumbani na nini?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 27, naishi Pasua hapa Moshi, nauza mitumba Memorial. Nilikopa laki nne VICOBA nikachanganya na akiba yangu nikachukua belo la magauni, kulifungua nusu nzima yamechanika, mengine yana madoa hata buku hayatoki. Tangu hapo sokoni sijarudi, kikundini siendi, simu za mwenyekiti sipokei. Kuna jamaa wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, anasema nichukue kwake nilipe kikundi yaishe. Na Desemba ndo hiyo, watu wote wanapanda, mimi Kibosho naenda na nini? Najiona nimefeli maisha.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kwanza huyo jamaa achana nae, leo hii. Deni la kikundi mnaongea, la kausha damu wanakuja kubeba kitanda. Na usije ukamkwepa ukaangukia kwenye aplikesheni za simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni.

Sasa tuongee. Belo bovu ni hasara ya biashara, muulize yeyote mwenye meza pale Memorial, mtu unanunua mzigo umefungwa hujui ndani kuna nini. Hilo halijakufelisha. Kinachokumaliza ni huko kujificha, maana kila siku usiyopokea simu wenzio wanaamini umekimbia, na mdhamini wako (ulimfikiria huyo?) ndo anabanwa kwa ajili yako. Usisubiri siku ya kikao, mfuate mwenyekiti na mweka hazina nyumbani, waambie belo lilikuwa bovu, nina kiasi hiki, kwa wiki naweza hiki, na taja kile unachokiweza kweli, sio cha kuwafurahisha. Faini wakikupiga lipa. Wapo watakaokusema, tena sana, alafu atatokea mwingine wa kusemwa.

Mi sikuambii ujikaze, lia ukitaka. Ila kama wiki ya pili inapita hulali, huli, au mawazo ya kufa yanakujia, hapo usisubiri wiki nyingine, nenda hospitali ya Mawenzi umweleze daktari kama ungeenda na malaria.

Kuna mtu wa kule Karatu huwa namkumbuka kwenye mambo kama haya, mwanariadha Filbert Bayi. Mwaka 1974 alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, 1976 nchi za Afrika zikasusia Olimpiki ya Montreal, nafasi ikapita hivyo hivyo wala sio kosa lake. 1980 akaenda Moscow na mbio nyingine kabisa, mita 3000 kuruka viunzi na maji, akarudi na medali ya fedha. Wengi wanamsifia rekodi, mimi nampendea hapo alipobadilisha mbio.

Na wewe mzigo huo uchambue upya. Yaliyochanika kidogo mpe fundi cherehani, yenye madoa tandaza chini uza jero jero, yaliyokufa kabisa peleka gereji, mafundi wanahitaji matambara ya kufutia oili kila siku. Mtaji haurudi wote ila rejesho la kwanza linapatikana, na ukiwa unahangaika hapo muuzie mwenzio kwa kamisheni.

Kibosho panda. Mpigie mama mapema umwambie ukweli, ili wale wa Dar wakianza kuuliza biashara inaendaje yeye awe upande wako. Nauli na kilo mbili za sukari zinatosha mwaka huu.

Halafu kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, asilimia nne ni ya wanawake, haina riba, mnaomba kama kikundi, afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu atawaelekeza. Ila hiyo nenda ukishamaliza deni la VICOBA, sio sasa.