Tangi la maji ya bahari chini ya Meru: maswali yenu kuhusu machujio

Swali (mama wa Njiro, Arusha): Nimefuga samaki wa maji baridi miaka sita kwa sponji tu. Sasa nataka tangi la bahari la lita 200. Fundi mmoja ananiambia ninunue chujio la ndoo linalokaa nje ya tangi, mwenzake anasema skima, wa tatu anasema mawe yanatosha. Nimsikilize nani?

Jibu: Mama, anza na huyo wa tatu, kisha umfuate wa pili.

Samaki akila hutoa amonia, na sponji haikamati amonia. Wanaoimaliza ni bakteria: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao wanataka mahali pa kujishika na maji yenye hewa, na jiwe la chokaa lenye vitundu vingi linawapa nyumba. Kilo 10 hadi 15 za mawe kwa kila lita 100 za maji ni kiasi kizuri. Usiichukulie hatua hii kama uliyoizoea. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya 8.1 hadi 8.4, na hapo amonia huwa kali zaidi. Kiasi ambacho samaki wako wa maji baridi walikistahimili kinaweza kuwaua hawa. Kwa hiyo tangi likae wiki 4 hadi 6 bila samaki, ukipima mpaka amonia na nitriti zisome sifuri.

Skima ni silinda inayopitisha mapovu madogo sana kwenye maji. Mafuta na protini hunata kwenye mapovu, hupanda nayo, na kumwagikia kwenye kikombe cha juu. Asubuhi ukikifungua unakuta maji ya rangi ya chai, yananuka kama meza ya samaki iliyosahaulika juani. Huo ni uchafu uliotoka kabla ya kuoza. Kwenye maji baridi chombo hiki hakifai kitu, maana mapovu huko huwa makubwa na hupasuka mapema.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kuipenda skima, nayo ni hewa. Maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi. Pwani, kwenye nyuzi 25, ni kama miligramu 6.7 kwa lita. Arusha tuko mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kiasi hicho hushuka chini ya 6. Skima inachuja na inapumulisha maji kwa pamoja. Chujio la ndoo halifanyi hivyo, na lisipooshwa kila wiki mbili uchafu hubaki humo ukioza huku nitrati ikipanda.

Swali (kijana wa Usa River): Nyumbani tuna maji ya kisima. Nichanganye chumvi humo moja kwa moja?

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Unajua meno ya watu wengi wa upande wa Maji ya Chai yalivyobadilika rangi. Ni floraidi ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linaweka mwisho wa maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa vinavyouzunguka Meru huvuka hapo mara nyingi. Bahari yenyewe ina kama 1.3. Isitoshe, maji ya ardhi ya volkano huwa na silika, chakula cha ule utando wa kahawia unaofunika kioo. Tumia maji ya mashine ya osmosisi, inayosukuma maji kwenye utando mwembamba na kuacha madini nyuma, ileile inayouzwa kwa maji ya kunywa. Changanya kama gramu 35 za chumvi ya matangi ya bahari (si ya mezani) kwa lita, mpaka haidromita, kifaa kinachopima uzito wa maji ya chumvi, isome 1.025. Maji machafu yanayotolewa na mashine yadekie nyumba.

Chujio la mkaa wa mifupa linalotumika huku kupunguza floraidi linafaa jikoni, lakini usilitegemee kwa tangi. Mfupa una fosfati, na fosfati ikivuja utaotesha mwani.

Swali (Sakina, Arusha): Umeme ukikatika usiku, nifanyeje?

Jibu: Hili linaniuma, kwa sababu niliwahi kupoteza samaki watatu hivyo. Umeme ulikatika saa mbili usiku ukarudi saa kumi na moja alfajiri. Ndani ya chujio langu la ndoo, bakteria walikuwa wamemaliza oksijeni na kuanza kufa na kuoza. Pampu ilipowaka yenyewe ikamwaga maji yale yote ndani ya tangi. Niliamshwa na harufu ya yai viza. Samaki walikuwa wamejipanga juu kabisa, midomo wazi, mashavu yakienda mbio.

Tangu siku hiyo nina pampu ndogo ya hewa ya betri, na mawe yangu yamekaa ndani ya tangi lenyewe, ambako pampu hiyo inayafikia. Huna pampu? Chota maji ya tangi kwa jagi uyamwage kutoka juu, dakika chache kila nusu saa. Usiwalishe. Ukiwa na chujio la ndoo na umeme umekaa zaidi ya saa moja, lichomoe, na usiliwashe kabla ya kumwaga maji yake na kuisuuza sponji kwa maji ya tangi. Kamwe usiisuuze bombani, klorini itawaua bakteria.

Swali: Mkaa wa kupikia unaweza kuchuja?

Jibu: Hauwezi. Mkaa wa chujio huandaliwa kwa joto kali mpaka uwe na vitundu visivyohesabika. Wa jikoni utakuletea majivu.

Swali (Moshi mjini): Ndugu yangu yuko Tanga. Aniletee mawe kutoka kwenye mwamba wa matumbawe?

Jibu: Asiyang'oe baharini, nakuomba. Matumbawe ni viumbe, ni mazalia ya samaki wanaolisha pwani nzima, na biashara yake kuvuka mipaka inadhibitiwa kimataifa. Akuletee mawe makavu ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi. Yasugue, yaloweke kwenye maji safi ukiyabadilisha kwa wiki kadhaa, na bakteria watahamia wenyewe. Jiwe la kweli la chokaa ukilidondoshea siki linatoa mapovu. Mawe meusi ya volkano ya kwetu hayatoi.

Swali (Pasua, Moshi): Mwanangu anataka tangi la lita 60 na samaki wawili wadogo. Skima ni lazima?

Jibu: Si lazima, dada. Kilo saba hivi za mawe, pampu moja inayotikisa uso wa maji, na kubadilisha lita 6 kila wiki vinatosha. Mwambie mtoto apige alama ya kalamu kwenye kioo usawa wa maji. Yakishuka kwa mvuke aongeze maji ya mashine yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke, inabaki tangini.